Kabla ya kulaumu sahani, uliza ukoo

Tangu nianze kusema wazi kwamba nina kolesteroli ya juu, watu huniuliza swali lile lile: unakula nini? Hakuna anayeuliza baba yangu alifariki kwa ugonjwa gani. Mimi ni mwembamba, natembea sana, na bado LDL yangu, yaani kolesteroli "mbaya" inayoziba mishipa, ilifika 5.6 mmol/L, ambayo ni juu. Kaka yangu ana kitambi na mazoezi hayajui, lakini vipimo vyake ni vya kupigiwa mfano. Tumbo moja, malezi mamoja, damu mbili tofauti.

Ndiyo maana nikaanza kusoma habari za vinasaba na mafuta ya damu. Ushauri wangu ni kwamba majibu ya maabara yasomwe pamoja na historia ya ukoo, na kwamba yaliyoonekana kwa jamii moja ya watu yasichukuliwe moja kwa moja kuwa ndiyo ya binadamu wote.

Ini lina vipokezi vinavyonasa chembe za LDL na kuziondoa kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jambo hilo. Ukirithi jeni yenye hitilafu ya vipokezi hivyo, hata kwa mzazi mmoja tu, LDL huwa juu tangu unazaliwa. Kwa jumla hali hii humpata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Kwa Makaburu wa Afrika Kusini ni mara kadhaa ya hapo, na iko juu pia kwa Wakanada wa Quebec wenye asili ya Ufaransa na kwa Wakristo wa Lebanoni. Wala si mapishi yao. Makaburu na watu wa Quebec, kwa mfano, wametokana na wahamiaji wachache kiasi. Baadhi ya wahenga hao walikuwa na jeni hiyo, na uzao wao ukaongezeka nayo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha jeni iitwayo PCSK9. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa waliona kwamba familia fulani zenye LDL ya kutisha zilikuwa na badiliko katika jeni hii. Protini yake huharibu vipokezi vile vya ini, kwa hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, LDL hupanda. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, wa Dallas kule Texas, wakaligeuza swali: je, kuna watu ambao kwao jeni hii imezimika? Walipochunguza watu wenye LDL ya chini, walikuta mabadiliko mawili yanayoizima, yakiwa kwa Wamarekani Weusi kiasi cha 2 kati ya 100. Kwa Wamarekani wa asili ya Ulaya yalikuwa adimu mno. Mwaka 2006 walionyesha kwamba Wamarekani Weusi wenye mabadiliko hayo walikuwa na LDL ya chini kwa asilimia 28, na hatari yao ya kuugua mishipa ya moyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 88. Kutokana na elimu hiyo zikaja sindano kama evolocumab na alirocumab, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2015, na leo zinawatibu watu wa asili zote. Huwa najiuliza ingechukua muda gani zaidi kama utafiti ule ungewachukua Wazungu peke yao, maana badiliko linaloonekana zaidi kwao hushusha LDL kwa kiasi kidogo tu.

Sasa nije kwenye mtego ulioninasa mimi. Daktari mmoja alitazama trigliseridi zangu (aina nyingine ya mafuta ya damu), zikiwa chini ya 1 mmol/L, na HDL yangu nzuri, yaani ile kolesteroli iitwayo "nzuri", akasema upande huo niko salama kabisa. Nina asili ya Kiafrika, na sisi kwa wastani trigliseridi zetu huwa chini na HDL juu kidogo, hata pale mwili unapoanza kuikaidi insulini na kisukari kinanyemelea. Kipimo cha trigliseridi cha 1.7, kinachotumika kutambua hatari hiyo, hutupita wengi bila kutugusa. Watu wa asili ya Asia Kusini wao mara nyingi ni kinyume: trigliseridi juu, HDL chini, hata kama mtu si mnene. Kwa hiyo kama asili yako ni ya Kiafrika, usilale kwa sababu ya trigliseridi nzuri. Pima sukari, pima presha, pima na kiuno.

HDL yenyewe nayo isikubabaishe. Wapo Wajapani ambao jeni yao ya CETP, protini inayohamisha kolesteroli kutoka HDL, ina hitilafu na HDL yao inapaa, na wapo wenyeji wa asili wa Meksiko wenye badiliko linaloishusha. Lakini dawa ya torcetrapib, iliyopandisha HDL kwa kuizuia CETP, ilisimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa walioitumia walikufa zaidi.

Kipimo ninachokipigia debe kuliko vyote ni cha Lp(a), chembe ya mafuta inayofanana na LDL, ambacho mara nyingi hakimo kwenye kipimo cha kawaida cha mafuta. Chembe hiyo iligunduliwa na Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963. Kiwango chake hutokana karibu chote na urithi. Chakula na mazoezi haviyumbishi sana. Wenye asili ya Kiafrika huwa na kiwango cha kati ambacho ni mara 2 hadi 3 ya cha Wazungu, ilhali Wachina wengi huwa chini. Wataalamu wa Ulaya walishauri mwaka 2022 kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani. Ikizidi 50 mg/dL, au 125 nmol/L, hatari ya moyo inahesabika upya. Mimi niliomba mwenyewe, ikaja juu, na tangu hapo lengo langu la LDL limeshushwa.

Kuhusu vifurushi vya kupima vinasaba vinavyouzwa mtandaoni, kabla ya kulipa uliza alama zao, yaani namba zinazokadiria hatari yako kutokana na jeni nyingi, zilitengenezwa kwa kuchunguza watu wa asili gani. Alama iliyojengwa kwa Wazungu hubahatisha zaidi kwa wengine. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliojumlisha watu wapatao milioni 1.65 wa asili mbalimbali, ulionyesha kwamba kuchanganya asili hizo huboresha makadirio ya LDL kwa wote. Hata hivyo, "Mwafrika" au "Mwasia" ni kapu pana mno. Wewe si wastani wa kundi lako.

Dawa nazo hutofautiana. Rosuvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, hufikia karibu mara mbili ya kiwango kwenye damu ya watu wa asili ya Asia, hivyo wao hushauriwa kuanza na miligramu 5. Mweleze daktari asili yako, lakini dozi usiibadilishe kwa kichwa chako.

Daktari wangu wa sasa anaamini LDL yangu ni ya kurithi, kwa hiyo niliwaandikia ndugu zangu namba zangu zote, pamoja na vizio, kwa sababu maabara nyingine huandika mg/dL (zidisha mmol/L ya kolesteroli kwa 38.67). Dada yangu akauliza kama awapeleke watoto wake. Nikamwambia aanze yeye: kama kweli ni ya kurithi, uwezekano wake wa kuwa na jeni yenye hitilafu ni nusu kwa nusu, kama ulivyokuwa wa kaka. Akiwa hana, watoto hawawezi kuirithi kwake. Akiwa nayo, wapimwe wangali wadogo.