Jibu: Mbwa kukimbia kando ya farasi

Ndugu, umeuliza kama mbwa wako wa miezi minane anaweza kufuatana na farasi. Mzoeshe sasa, ila mbio ndefu zisubiri. Mifupa yake bado inakua, na kwa mbwa wa aina kubwa huweza kufika mwaka na nusu kabla haijakomaa.

Anza ukiwa chini, ndani ya ua, mbwa akiwa na kamba na mwenzako amemshika farasi. Masikio ya farasi yakilala nyuma, msogeze mbwa mara moja. Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa, na mateke yake makali hutokea huko huko. Kwa hiyo mbwa akimbie ubavuni, usawa wa kikuku (chuma unachokanyagia ukiwa juu ya farasi), umbali wa mita mbili hivi. "Njoo" na "kaa" azitii hata ukiwa juu ya tandiko.

Kamba usiifunge kwenye tandiko wala kuizungusha mkononi, nakuomba sana! Ikinasa mguu wa farasi, mnaanguka wote.

Shoti, yaani mbio za kasi kabisa za farasi, iache kwa siku ambayo mbwa hayupo. Tokeni alfajiri kabla ya joto, kwani farasi hutoa jasho mwili mzima, lakini mbwa hutegemea kuhema. Ulimi ukining'inia na kupanuka nchani, shuka, mpeleke kivulini umpe maji.