Jibu: Chakula na kazi kwa mwanafunzi aliyeko Ujerumani

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwanafunzi anaweza kumudu chakula na kufanya kazi akiwa masomoni Ujerumani. Mchana kula kwenye bwalo la chuo, liitwalo Mensa, ambako katika vyuo vingi hulipa bei nafuu kwa kitambulisho ulichokitia fedha, kisha unarudisha trei mwenyewe kwenye mkanda unaoipeleka jikoni. Jumapili maduka mengi hufungwa, hivyo nunua mchele na mboga Jumamosi. Kuhusu kazi, tangu Machi 2024 mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na nakusihi sana usizidishe, maana utahatarisha kibali chako cha ukaazi. Kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi humo. Ulizia kwanza idarani kwako.