Usiitishe mkutano siku ya bamvua

Wadogo zangu mnaoingia kwenye timu za wilaya za mipango shirikishi ya matumizi ya ardhi, hasa mliopangiwa vijiji vya pwani vyenye magofu au vinavyopakana na hifadhi, nawaandikia mambo niliyoyajua nikiwa nimeshawaumiza watu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikwenda kijiji kimoja cha kisiwani kupanga eneo la kinga kuzunguka msikiti wa kale na makaburi yake. Mkutano tuliuita saa nne asubuhi. Wazee wa kiume walikuja, vijana kadhaa, na wanawake wa kuhesabu kwa vidole. Tukakunjua ramani tuliyoichora ofisini, tukaeleza, tukapigiwa makofi, watu wakasaini karatasi ya mahudhurio. Miezi michache baadaye vigingi vyote vya mpaka tulivyosimika upande wa mashariki vilikuwa vimeng'olewa.

Nilirudi peke yangu kuuliza. Bibi mmoja akanishika mkono, akanipitisha kwenye kinjia nyuma ya magofu mpaka kwenye kisima cha maji matamu. Kilikuwa katikati ya eneo letu la kinga, mahali ambapo tuliandika "hakuna kuingia". Akaniambia, "Mwanangu, mlikuja bamvua. Sisi tulikuwa mwambani tunachokoa pweza."

Lishike hilo. Pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo bamvua yenyewe, maji hukupwa sana, na kina chake cha chini huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi. Ni saa ileile ambayo ofisi hupenda kuitisha mikutano, na ndiyo saa ya wanawake kujipatia riziki. Kabla hujakubaliana tarehe na mtendaji wa kijiji, uliza maji yakoje. Siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hayapwi sana, baada ya alasiri, utawapata. Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi za muda ufukweni, nao huhama kufuata upepo, kwa hiyo kibanda kitupu ulichokiona kipindi cha upepo wa kusi usikiandike kwamba kimetelekezwa. Wafugaji vivyo hivyo. Baada ya kuondolewa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wengi walishuka na mifugo yao mpaka mkoa wa Lindi, na bado kuna vijiji ambako mpango hupitishwa bila hata mmoja wao kuitwa. Halafu tunashangaa ugomvi unatoka wapi.

Ramani ianzie chini, mchangani. Mimi siku hizi nawaomba wanawake wachore yao pembeni na wanaume yao. Majivu yanakuwa mipaka, vifuu vya nazi visima, vijiti njia. Usishike kijiti wewe. Katika kijiji kilekile, ramani ya wanaume ilikuwa na diko la kushushia samaki, mashamba ya minazi na msikiti. Ya wanawake ilikuwa na visima vitatu, sehemu ya kuanika dagaa, njia ya kwenda mikokoni, na kaburi moja ambalo watu hulizuru na kuweka nadhiri. Kaburi hilo halikuwa kwenye orodha yetu ya mambo ya kale. Kumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyojengwa kabla ya 1863, kwa hiyo aliyekuonyesha kaburi la namna hiyo amekufanyia kazi ambayo mtaalamu angeweza kuimaliza bila kuliona.

Tena, magofu si mahali patupu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, visiwa vyenye magofu ya miji ya kale, ziliingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa humo mwaka 2014. Miaka yote hiyo Kilwa Kisiwani watu wamekuwa wakiishi, wakilima na kuvua jirani na Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani. Bahari inapokula ukingo, wao ndio huona jiwe limeanguka asubuhi ya siku hiyohiyo.

Kuhusu sheria, sitawachosha. Someni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Halmashauri ya kijiji huandaa mpango, mkutano mkuu wa kijiji huupitisha. Lakini waambieni watu ukweli tangu siku ya kwanza: kipi wanaamua wao na kipi kimeshaamuliwa kwingine. Gofu lililotangazwa kisheria kuwa la kumbukumbu haliwezi kugawiwa na mkutano wa kijiji. Njia ya kupita, malisho, mahali pa kuchimba mawe ya kujengea, hayo yanajadilika. Ukiwaacha wadhani kila kitu kinajadilika, siku watakapojua vingine hawatakusikiliza tena, wala hawatamsikiliza atakayekuja baada yako.

Na sahihi ya mahudhurio si ridhaa. Mtu amesaini kwamba alikuwepo, pengine kwa sababu ya posho. Kabla mkutano haujafungwa, muhtasari usomwe kwa sauti, na pingamizi liandikwe kama lilivyosemwa, hata kama linakukera. Likikataliwa, iandikwe limekataliwa kwa sababu gani, kisha rudi kijijini ueleze. Hiyo safari ya kurudi ndiyo inayokatwa kwanza bajeti ikipungua. Itetee kwa nguvu zote.

Kile kinjia cha bibi tulikirudisha. Mstari wa kinga ukapindishwa, kisima kikabaki wazi, na wanawake wenyewe wakapendekeza mbuzi wasifungwe upande wa makaburi. Vigingi tukavisimika upya pamoja nao. Nakala ya ramani tuliiacha ofisi ya kijiji ndani ya mfuko wa nailoni, maana paa lilikuwa linavuja na masika ilikuwa inakaribia. Nendeni na mfuko wenu.