Sanduku la Barua: Umekwama B1? Anza na Kiswahili Chako

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana wetu wanaosoma Uhispania, na nyingine kwa wazazi wao walioko hapa Mombasa. Wengi wamepita ngazi za mwanzo za Kihispania, A1 na A2, bila taabu kubwa. Wameingia B1, kiwango cha kati, na hapo mguu umezama. Tumechagua maswali matano.

*Shikamooni walimu. Mimi ni wa Kisauni, niko mwaka wa kwanza chuoni Granada. Mtihani wa kupanga viwango ulinitia B1. Kila insha ninayoandika inarudi na wino mwekundu mahali pale pale: wakati uliopita, na kitu wanachokiita subjuntivo. Darasa lina watu wa kila nchi, kwa hiyo mwalimu akiona tumekwama hutueleza kwa Kiingereza. Nasikia vizuri, lakini nikishika kalamu naharibu. Nifanyeje?*

Marahaba. Akili yako haina kasoro. Njia ndiyo imekuwa ndefu. Unatoka Kiswahili, unapita Kiingereza, ndipo ufike Kihispania, na mengi yanadondoka njiani. Kwenye mambo haya mawili Kiingereza ni maskini. Kiswahili ni tajiri, nawe umekinyonya kwa maziwa ya mama.

Anza na subjuntivo. Hakuna mtu wa Kisauni anayesema "nataka anakuja". Tunasema "nataka aje". Ile -e ya mwisho ndiyo subjuntivo yenyewe: *quiero que venga*. "Mwambie aandike" ni *dile que escriba*. "Nakueleza ili uelewe" ni *te lo explico para que entiendas*. "Ni lazima twende" ni *es necesario que vayamos*. Kabla ya kuandika, itamke sentensi kwa Kiswahili. Ukisikia kitenzi cha -e baada ya "nataka", "naomba", "ili", "lazima" au "afadhali", weka subjuntivo wala usijiulize mara mbili. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama "subiri" na "fikiri", havionyeshi -e, kwa hiyo vibadilishe kwanza kwa "ngoja" au "waza", sikio likupe jibu.

Kuna mtego mmoja hapa. Sisi husema "nataka niende", mtakaji na mwendaji wakiwa mtu mmoja. Mhispania hasemi hivyo: mtu akiwa mmoja, kitenzi cha pili hubaki kama kilivyo kwenye kamusi, *quiero ir*. Ukiandika *quiero que yo vaya*, wino mwekundu utakuwa wa haki.

Kisha kuna mahali ambapo Kiswahili hakitakusaidia, na hapo ni pa kukariri tu. Ukikanusha dhana: "sidhani atakuja" ni *no creo que venga*. Ukitaja hisia: "nafurahi umekuja" ni *me alegro de que hayas venido*. Na "nikifika nitakupigia", kwa jambo ambalo bado halijatokea, ni *cuando llegue, te llamaré*. Linganisha na mazoea, "kila nikifika humpigia": *cuando llego, la llamo*, bila subjuntivo. Andika sentensi hizi nne kwenye karatasi, ibandike juu ya meza unaposomea.

La mwisho kwenye subjuntivo, nalo ndilo linalowaangusha watu wetu kuliko yote. "Ningekuwa na pesa, ningekwenda." Kiswahili hutia -nge- pande zote mbili, kwa hiyo mwanafunzi huandika *si tendría dinero, iría*. Kihispania hakikubali. Upande wenye *si* huchukua subjuntivo ya wakati uliopita: *si tuviera dinero, iría*. Vivyo hivyo kwa -ngali-: "ningalijua, nisingalikuja" ni *si lo hubiera sabido, no habría venido*.

Sasa wakati uliopita. Bila shaka umefundishwa kwamba indefinido ni ya tendo lililokwisha na imperfecto ni ya lililokuwa likiendelea. Ni kweli, lakini -li- yetu hubeba yote mawili, na ndiyo sababu unachanganyikiwa. "Nilikaa Likoni" inaweza kuwa *vivía en Likoni*, maisha yalivyokuwa utotoni, au *viví tres años en Likoni*, muda uliohesabiwa ukafungwa. Kipimo ni hiki. Jaribu kugeuza -li- iwe "nilikuwa niki-". Maana ikibaki ile ile, andika imperfecto. Ikigoma, au ukiona -ka- inaingia vizuri, andika indefinido. Chukua sentensi hii:

"Nilikuwa nikingoja feri, mvua ikaanza, nikakimbilia kibandani, nikanunua chai."

*Esperaba el ferri, empezó a llover, corrí hasta un quiosco y compré un té.*

Kungoja ndilo pazia la nyuma, *esperaba*. Kila -ka- iliyofuata imegeuka indefinido. Kwa masimulizi, -ka- yetu ni zana kali mno, na lugha nyingi za Ulaya hazina kitu kama hicho.

Nayo -me- hukaa karibu na *he comido*: "leo nimekula" ni *hoy he comido*, "jana nilikula" ni *ayer comí*. Ndivyo wasemavyo sehemu kubwa ya Uhispania. Visiwa vya Canarias na nchi nyingi za Amerika ya Kusini hutumia *comí* hata kwa jambo la leo. Lakini angalia vitenzi vya hali. "Amelala" sasa hivi ni *está dormido*, "amesimama" ni *está de pie*, "nimechoka" ni *estoy cansado*. Ukisema *ha dormido*, umesema kwamba alilala na sasa usingizi umekwisha.

Tumia daftari la safu tatu: sentensi yako ya Kiswahili, Kihispania chako, na sahihisho la mwalimu. Sentensi 10 kwa siku zinatosha. Baada ya wiki 2, hesabu makosa kwa aina. Utakuta aina mbili au tatu zimebeba karibu yote, na hizo ndizo za kushughulikia kabla ya kugusa somo jipya.

*Mimi ni binti wa Majengo, niko Salamanca. Wenzangu husifu matamshi yangu, ila nikisimulia habari ya mtu huniuliza, "Nani, wewe?" Sielewi kwa nini.*

Ni mkazo, dada. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo umeyapeleka Salamanca. *Hablo*, ukikaza HA, ni "nazungumza". *Habló*, ukikaza BLO, ni "alizungumza". *Llego* ni "nafika", *llegó* ni "alifika". Unapotaka kusema "alifika akazungumza", wao wanasikia "nafika nazungumza", ndipo wanauliza kama ni wewe. Unajua tayari kwamba mkazo hubadilisha maana: barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" haziko sawa mdomoni.

Chagua vitenzi 20 vya -ar. Sema jozi kwa sauti huku ukigonga meza kwenye silabi yenye mkazo: COMpro, comPRÓ, traBAjo, trabaJÓ. Dakika 5 asubuhi, 5 usiku. Kisha chukua dakika moja ya taarifa ya habari redioni, iandike neno kwa neno, na uweke alama ya mkazo kila inapostahili. Alama si pambo: neno linaloishia na irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, likiishia na herufi nyingine hukazwa ya mwisho, likivunja kanuni, ndipo alama inapoandikwa.

Mengine umebarikiwa. Irabu zao ni zetu zile zile tano. *Z*, na *c* mbele ya e na i, sehemu kubwa ya Uhispania ni th ya "thelathini". *J* ni kh ya "kheri" kwa anayeitamka sawasawa. *D* katikati ya irabu hulegea ikakaribia dh ya "dhahabu", na *ñ* ni ny ya "nyanya". Rekebisha mawili tu. *V* hutamkwa kama *b*, kwa hiyo *vino* husikika "bino". Na *p* yao haina pumzi: ni ile ya paa la nyumba, si ya paa wa porini. Mtu wa Mombasa anaisikia tofauti hiyo vizuri.

*Mwanangu ameniambia amepata 6,8 katika Kihispania. Kwetu hiyo ni ngapi? Tena hana nafasi hata ya kunipigia simu, husema somo ni la krediti 6. Mama, Tudor.*

Amepita, mama, tena vizuri. Vyuo vya Uhispania husahihisha kwa 10. Chini ya 5 ni *suspenso*, amefeli. Kuanzia 5 hadi 6,9 ni *aprobado*, 7 hadi 8,9 ni *notable*, 9 hadi 10 ni *sobresaliente*. Alipungukiwa pointi 0,2 tu aingie *notable*. Hiyo mikato unayoiona ni nukta yao ya desimali.

Kuhusu muda, hakudanganyi. Krediti 1 ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani. Krediti 6 ni saa 150 hadi 180. Zigawe kwa wiki 15, ni saa 10 hadi 12 kila wiki kwa somo hilo moja, naye hana somo moja tu.

*Nichukue cheti gani cha Kihispania, DELE au SIELE? Msomaji, Bamburi.*

Inategemea unakipeleka wapi, kwa hiyo uliza kwanza chuo au mwajiri anakubali kipi. DELE ni mtihani wa ngazi moja uliyoichagua mwenyewe, na cheti chake hakiishi muda. SIELE hufanywa kwenye kompyuta, hukupima na kukwambia uko ngazi gani, na cheti hudumu miaka 5. Kama huna hakika na kiwango chako na unataka jibu kwa haraka, SIELE. Kama unataka karatasi ya kudumu na uko tayari kweli, DELE.

Kwa DELE B1, elewa hesabu yake. Kusoma na kuandika ni kundi moja la alama 50. Kusikiliza na kuzungumza ni kundi la pili la 50. Unahitaji 30 katika kila kundi. Ndani ya kundi, moja laweza kuliokoa jingine. Kati ya makundi, haliwezi. Ukipata 48 kwenye la kwanza na 29 kwenye la pili, umeanguka. Wanafunzi wetu husoma vizuri na kusikiliza vibaya, kwa hiyo kazi yako ya kila siku iwe masikioni.

Kwenye kuandika, kazi ya kwanza ni barua ya maneno 100 hadi 120, ya pili ni 130 hadi 150. Jizoeze kuhesabu. Ukianza na *tú* usimalizie na *usted*. Baada ya *Estimada señora* weka nukta pacha, si mkato. Na swali hufunguliwa na ¿ kabla ya kufungwa.

*Ni kweli Kihispania na Kiswahili vina maneno ya pamoja? Mji wa Kale.*

Kweli, kwa milango miwili. Mmoja ni Kiarabu: *azúcar* na sukari, *aceituna* na zeituni, *azafrán* na zafarani, *fulano* na fulani. *Hasta* ni ndugu wa "hata": *hasta los niños lo saben*, hata watoto wanajua. Mlango wa pili ni Kireno, jirani wa Kihispania: *mesa*, *bandera*, na *caja* iliyo jamaa wa kasha letu. Fort Jesus yenyewe ilijengwa kati ya 1593 na 1596, wakati Ureno ilipokuwa chini ya mfalme wa Uhispania, Felipe II.

Usidanganywe na sura, lakini. *Casa* ni nyumba, si kasa wa baharini, na *papa* katika Amerika ya Kusini ni kiazi. Neno la kushika kwanza ni *ojalá*, lililotoka Kiarabu likiwa na jina la Mungu ndani yake, kama inshallah. Daima hufuatwa na subjuntivo: *ojalá llueva*, inshallah mvua inyeshe. Hiyo -e umeisikia tena.