Kigari hakimfundishi mtoto kutembea

SWALI: Mwanangu ana miezi 8. Tangu alipofikisha miezi 6 humweka kwenye kigari cha kujifunzia kutembea ili nipate kufanya kazi za nyumbani, naye huzunguka sebule nzima akicheka. Nikimweka sakafuni hataki kutambaa, hulia mpaka nimrudishe. Je, kigari kitamwahisha kutembea au ndicho kinachomchelewesha?
Mama Mwenye Wasiwasi

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, dada, ingawa huna sababu ya kujilaumu. Mtazame miguu akiwa ndani ya kigari: mara nyingi hugusa sakafu kwa ncha za vidole tu na kujisukuma, huku uzito wake ukibebwa na kiti. Mtoto anayeshika stuli, akajiinua na kusimama dede, hufanya kazi nyingine kabisa, kwa kuwa hulazimika kukaza kiuno, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kuyumba, kuanguka kitako na kuanza upya. Na huko kuyumba ndiko kunakomfunza kujimudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 nchini Marekani ulionyesha kuwa watoto waliotumia vigari walichelewa kuketi, kutambaa na kutembea kuliko wasiovitumia.

Kinachonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni ajali, maana mtoto wa kigari huifikia ngazi au sufuria ya moto kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivi mwaka 2004.

Kwa hiyo kiondoe. Viti vya kubembea na vya gari navyo vina mahali pake, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asifungwe kitini kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Kilio chake kitapungua ukiketi naye sakafuni, ukamlaza kifudifudi kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, na kuweka kifuniko cha sufuria au kitu kingine anachokipenda mbali kidogo na mkono wake. Wapo wasiotambaa kabisa, nao hutembea vizuri. Wengi huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 9 na 18. Akifikisha miezi 9 bila kuweza kuketi pasipo kuegemezwa, au ukiona anatumia upande mmoja tu wa mwili, mpeleke kliniki akapimwe.