Kabla Hujamlipa Babalawo wa Kwenye Simu

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji anayeishi Marekani, akiuliza kama amlipe kiongozi wa kiroho aliyemwahidi kumsimika kuwa mwana wa Oshun, mungu wa mto wa Wayoruba, kwa njia ya video na kwa muda wa siku 7. Mdogo wangu, umenitonesha kidonda, kwa kuwa mwaka 2019 mimi mwenyewe nilimlipa mtu wa namna hiyo dola 900.

Baba yangu alikuwa amefariki, nami nilikuwa Houston bila nauli ya kwenda Lushoto kumzika. Mtu yule, mwenye kanzu nyeupe na shanga za kijani na njano, alijiita babalawo, yaani "baba wa siri", kuhani wa uaguzi wa Wayoruba, akanihoji karibu saa nzima, kisha akanirudishia maneno yangu mwenyewe kana kwamba yametoka kwa Orunmila, mungu wa uaguzi. Kila wiki aliona laana mpya, na kila laana ilikuwa na bei yake. Nami, mwenye shahada mbili, nilituma fedha.

Baadaye Mnigeria niliyefanya naye kazi alinipeleka kwa mjomba wake, babalawo mzee, ambaye hakutaka hata kusikia shida yangu. Aliniambia niinong'oneze noti ya dola 1 shida hiyo na kuiweka chini, akarusha opele, mnyororo wa vipande 8 vya kokwa ambavyo kila kimoja huanguka chali au kifudifudi, na hivyo kuzaa alama 256 zinazoitwa odu. Kila odu ina beti zake, naye alizighani kwa Kiyoruba huku mpwa wake akitafsiri, mpaka nilipomwomba anyamaze, maana ubeti ule ulikuwa unaeleza hali yangu. Sadaka aliyoniagiza ilikuwa kuwalisha watoto wa jirani. Nilipouliza kuhusu kusimikwa alicheka, akataka kujua kama tambiko la baba limekwisha kufanyika kwetu. Lilikuwa halijafanyika, shangazi alilisimamia mwezi uliofuata, kwa gharama isiyofika dola 40.

Basi muulize mtu wako ni nani aliyemfundisha, na kwa miaka mingapi, kwa sababu elimu ya Ifa, yaani uaguzi huu wa odu, ambayo Unesco iliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, hupokewa mdomoni kwa mwalimu na haimaliziki kwa juma moja. Mwombe akughanie ubeti wa odu iliyokuangukia. Usimpime kwa lafudhi wala mahali alipozaliwa, kwani Wamarekani weusi walianzisha kijiji cha Oyotunji kule South Carolina mwaka 1970, na wapo miongoni mwao wanaoijua kazi hii vizuri. Akitaja laana kabla ya kutaja mwalimu wake, ondoka. Narudia, ondoka, hata kama umekwisha kulipa nusu, kama nilivyokuwa nimelipa mimi nilipojidanganya kwamba nusu iliyobaki itaiokoa ile ya kwanza.

Nawe ukipata jina la mwalimu wake, niandikie kabla hujatuma chochote.