Alama za mkandarasi si ushahidi: yaliyonikuta na kiwanda cha nyuklia cha Y-12

Usiipeleke sura ya tatu kwa msimamizi wako. Ifunge kwanza, usome haya, kisha uamue mwenyewe.

Umeandika, ndugu mleta uzi, kwamba unaandaa tasnifu ya uzamili kuhusu namna serikali ya Marekani inavyosimamia ulinzi na matumizi ya fedha katika viwanda vyake vya silaha za nyuklia, na ukauliza mambo mawili: ni vyombo gani vinavyofanya usimamizi huo, na kama fedha nyingi huleta ulinzi bora. Halafu mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kuwa sura ya tatu imeshakamilika na kwamba umepima ubora wa ulinzi wa kila kiwanda kwa alama ambazo wakandarasi walipata katika tathmini za mwaka. Mstari huo mmoja ndio ulionikalisha kitako kuandika, kwa sababu sura hiyo niliiandika mimi mwaka 2012, na iliniponza.

Vyombo nitavitaja kwa haraka, maana hapo hujapotea. Utengenezaji na utunzaji wa vichwa vya silaha za nyuklia vya Marekani uko chini ya Wizara ya Nishati, na ndani ya wizara hiyo kuna mamlaka maalumu, NNSA, iliyoanza kazi mwaka 2000. Viwanda vyenyewe huendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba, na serikali huweka kiwandani ofisi yake ya usimamizi ambayo ni ndogo ukilinganisha na jeshi la watumishi wa mkandarasi. Juu yao yuko Mkaguzi Mkuu wa Wizara, kisha GAO, ofisi ya ukaguzi ambayo hulifanyia kazi Bunge na ambayo msomaji wa Tanzania anaweza kuifananisha na ofisi ya CAG, na hatimaye kamati za Bunge zenyewe. GAO imeuweka usimamizi wa mikataba wa wizara hiyo katika orodha yake ya maeneo hatarishi tangu mwaka 1990. Mwaka huo niliusoma, nikaunukuu, nikaendelea na safari yangu bila kujiuliza kwa nini shirika la ukaguzi lipige kengele ileile kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kiwanda nilichokichagua ni Y-12, Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee. Hapo ndipo iliporutubishwa urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ilikochimbwa na watu ambao wengi wao walizungumza lugha hii tunayoandikiana. Nilikipenda kwa sababu hiyo. Leo ndipo Marekani inapohifadhi urani yake iliyorutubishwa kwa kiwango cha mabomu, katika ghala lililogharimu dola milioni 549 na kuanza kupokea shehena mwaka 2010. Nilipoona gharama hiyo, nilipoona na alama za juu alizopata mkandarasi, nikaona kazi imekwisha. Ukurasa wa 61 wa tasnifu yangu ulisema kwamba alama hizo "zinathibitisha kuwa ulinzi wa Y-12 umefikia kiwango kisichotiliwa shaka."

Sikuyatoa maneno hayo hewani. Katika warsha moja alikuja mtaalamu mwalikwa, mtu wa makongamano na vitambulisho vya shingoni, akatuambia kwamba tathmini ya mwaka ndiyo hati mama kwa kuwa imebeba mhuri wa serikali. Nilimwuliza kama tusilinganishe kwanza na taarifa za wakaguzi. Akanijibu mbele ya wenzangu wote kwamba taarifa za wakaguzi huandikwa na watu ambao kazi yao ni kutafuta makosa, kwa hiyo haziwezi kuwa na mizani. Nilinyamaza, na jibu lake nikalifanya kanuni. Mpaka leo nina hasira naye. Mtu anayewafundisha vijana kuwadharau watafuta makosa, katika mada ya maghala ya urani ya mabomu, anawadhuru vijana hao na anaidhuru pia kazi yenyewe, kwa kuwa katika mada hiyo kutafuta makosa ndiyo elimu yote iliyopo.

Alichopaswa kutueleza ni kwamba miaka hiyo NNSA ilikuwa imeingia katika mtindo wa kumwachia mkandarasi ajipime mwenyewe. Mkandarasi alijikagua, akajiandikia taarifa, na maofisa wa serikali wakaambiwa watazame kwa macho lakini wasitie mikono. Baadhi yao walijua kwamba matengenezo ya vifaa vya ulinzi yamerundikana, ila walielewa kuwa si kazi yao tena kumwelekeza mkandarasi namna ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo alama niliyoinukuu kama neno la serikali ilikuwa kwa sehemu kubwa neno la mkandarasi lililopitia ofisini na kupigwa mhuri.

Nakala zangu tatu zilizojalidiwa nilizikabidhi katikati ya Julai 2012. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 28 Julai, watu watatu walivuka kwa miguu kilima kinachopakana na kiwanda kile. Walikuwa Megan Rice, mtawa wa Kikatoliki mwenye umri wa miaka 82 aliyefundisha Nigeria na Ghana kwa miongo kadhaa, Michael Walli wa miaka 63, na Greg Boertje-Obed wa miaka 57. Walibeba mikasi ya kukatia waya, nyundo, rangi ya kupuliza, mishumaa, Biblia, mkate, na chupa za kunyonyeshea watoto zilizojazwa damu. Walikata uzio mmoja baada ya mwingine mpaka wakaugusa ukuta wa ghala lenyewe, wakaandika maneno ya amani ukutani, wakamwaga damu, wakagonga zege kwa nyundo. Mlinzi wa kwanza alipofika kwa gari, walimwimbia na kumkaribisha mkate.

Soma taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya mwezi Agosti mwaka huo, uisome neno kwa neno. Kamera iliyotakiwa kuonyesha sehemu ile waliyopita ilikuwa mbovu kwa takriban miezi sita. Ving'ora vililia, lakini vilikuwa vimezoea kulia bila sababu na walinzi nao wamezoea kuvisikia. Walinzi waliokuwa ndani ya jengo walisikia kabisa mlio wa nyundo, wakadhani ni mafundi wa matengenezo. Pale kifaa kilipoharibika, badala ya kukitengeneza, ilipangwa hatua ya kufidia, yaani mlinzi apite mara nyingi zaidi au atazamie mahali hapo, na hatua hiyo ya muda ikageuka kuwa ya kudumu. Na kumbuka kwamba kampuni iliyolinda haikuwa ile yenye mafundi: ya kwanza ilijua kamera haionyeshi, ya pili ndiyo iliyopanga kipi kitengenezwe lini. Katika tathmini nilizozisoma mimi, sikukutana na mstari hata mmoja uliosema kwamba kamera fulani imekufa tangu mwanzoni mwa mwaka.

Mwezi Septemba niliitwa kuitetea tasnifu. Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mtulivu, na mezani mbele yake aliweka vitu viwili sambamba: tasnifu yangu ikiwa wazi kwenye ukurasa wa 61, na taarifa ile ya Mkaguzi Mkuu, imechapishwa na kubanwa pini pembeni. Chini ya sentensi yangu alikuwa amepiga mstari mmoja wa penseli. Akauliza, "Nani alikwenda kuiangalia kamera?" Nikaanza kueleza kwamba kwa mujibu wa tathmini ya mwaka uliotangulia, ulinzi ulikuwa katika hali ya kuridhisha. Akanikatiza kwa upole: "Sikuulizi tathmini inasema nini, mwanangu. Nakuuliza nani alikwenda." Sikuwa na jibu. Nilirudishwa kuandika upya sura tatu, kazi iliyonichukua miezi minane. Ufadhili wangu uliisha Desemba nikiwa katikati, na nafasi ya kazi niliyoahidiwa kwa sharti la cheti akapewa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo sikukuanza kwa salamu.

Kanuni niliyotoka nayo ni hii: kila alama, kila daraja na kila neno la "kuridhisha" utakalolinukuu, liandikie pembeni ni ofisi gani isiyolipwa na mkandarasi iliyotuma mtu akaona kwa macho yake. Ukikosa cha kuandika, alama hiyo inaweza kuwa habari, lakini si ushahidi. Na usidhani majaribio ya ulinzi yanaiepuka kanuni hii kwa kuwa yanafanyika uwanjani. Mwezi Juni 2003, hapohapo Y-12, lilifanyika jaribio la kuigiza mashambulizi manne, na walinzi wakafanya vizuri kiasi cha kutia shaka. Uchunguzi ukagundua kwamba wawili miongoni mwao waliruhusiwa kabla kutazama kwenye kompyuta namna mashambulizi yatakavyokwenda. Mwaka 2012, wiki chache baada ya uvamizi, wakaguzi walipokwenda kuwapima walinzi, karatasi ya mtihani pamoja na majibu yake ilikutwa ndani ya gari la doria. Ilikuwa imetumwa kwa mkandarasi ili ahakiki usahihi wa maswali, naye akaisambaza. Kwa hiyo usiulize tu nani alikwenda. Uliza pia nani alijua mapema kwamba anakuja, na ametanguliziwa nini.

Kuhusu swali lako la fedha, kanuni ni hiyohiyo. Kiwanda kipya cha kuchakata urani kilichopangwa kujengwa hapohapo Y-12 kilikadiriwa mwaka 2004 kugharimu kati ya dola milioni 600 na bilioni 1.1. Mwaka 2010 makadirio yalipanda hadi kati ya bilioni 4.2 na 6.5. Mwaka 2012, baada ya miaka ya usanifu na fedha nyingi za umma, ikabainika kwamba mitambo haitoshei ndani ya jengo. Ilibidi paa liinuliwe futi 13, kuta zinenepeshwe kutoka inchi 18 hadi 30, na msingi uongezwe unene wa futi moja, kwa nyongeza ya takriban dola milioni 540. Mitambo ilisanifiwa na timu mbalimbali za wakandarasi, na hakuna aliyesimama juu ya michoro yote kwa pamoja akapima kama vinaingia. Ofisi ya serikali iliyosimamia mradi ilikuwa na watu wachache mno kuweza kufanya hivyo. Mpango ukabadilishwa, yakafuata majengo madogo zaidi, na hata hivyo makadirio ya sasa yamepita bilioni 10. Mtu aliyekwenda na futi kamba kwenye michoro angeokoa fedha zaidi kuliko kamati yoyote iliyosomewa taarifa ya maendeleo. Kiwanda cha plutoniamu cha Savannah River, katika jimbo la South Carolina, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2007 na ukafutwa mwaka 2018 baada ya kumeza mabilioni, nacho utakiona kina historia ya makadirio yaliyoaminiwa kwanza na kupimwa baadaye.

Kwa hiyo usiandike kwamba matumizi makubwa ni kipimo cha ulinzi, wala usiandike kinyume chake. Weka tarakimu mbili ubavu kwa ubavu umwachie msomaji: ghala la dola milioni 549, na uharibifu wa dola 8,531 uliotajwa mahakamani, uliofanywa na wazee watatu kwa mikasi na nyundo. Rice alihukumiwa kifungo cha miezi 35 na wenzake miezi 62 kila mmoja, kabla ya mahakama ya rufaa kutengua hatia ya hujuma mwaka 2015. Kampuni ya ulinzi ilipoteza mkataba. Naamini kwa dhati kwamba mtawa yule aliwafanyia Wamarekani ukaguzi ambao mfumo wao wote ulishindwa kuufanya, ingawa hakwenda pale kukagua, na naona aibu kwamba nilihitaji yeye akate uzio ndipo nielewe nilichokuwa nakisoma.

Umesema siku ya kuwasilisha ni tarehe 15 mwezi ujao. Andika barua leo uombe wiki sita zaidi, na sababu itaje wazi kwamba unabadilisha kipimo. Kisha chora jedwali la safu tatu: kiwanda, alama, na ofisi iliyokwenda kuona. Safu ya tatu ikibaki na nafasi tupu usizijaze kwa kukisia. Ziache tupu, ziingie hivyohivyo kwenye tasnifu. Jedwali likikamilika libandike hapa kwenye uzi, nitalipitia mstari kwa mstari.